Shanta Mgongoni, Kiti Angani: Somo la Mlima wa Davos

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Dar es Salaam na husafiri kwa daladala kila asubuhi kwenda kazini, bila shaka umekwisha kuona abiria aliyegeuza shanta yake ikakaa kifuani badala ya mgongoni. Hafanyi hivyo kwa urembo. Anaogopa mkono wa mwizi, na pengine amekwisha kukaripiwa na wenzake kwamba mzigo wake unawasukuma. Mimi nami ni miongoni mwa watu hao. Walakini, sikupata kudhani hata siku moja kwamba desturi hiyo ya Mbagala na Kariakoo ingenifaa katika nchi ya theluji, wala kwamba siku nitakayoisahau nitakaribia kumletea mtoto wa watu msiba.

Nilikuwa nchini Uswisi mwezi Februari, mwaka 2024, kwa mafunzo mafupi ya kazi yetu hii ya uandishi. Mwisho wa juma la pili nilialikwa na mama mmoja Mtanzania, mzaliwa wa Moshi, ambaye amefanya kazi ya uuguzi mjini Zürich kwa miaka mingi. Nilimwita dada, naye akaniita kaka, kama ilivyo ada ya watu wa kwetu wanapokutana ugenini. Alikuwa na mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, ambaye tangu dakika ya kwanza aliniita mjomba.

"Kaka," akasema dada, "huwezi kurudi nyumbani ukajisifu kuwa ulifika Uswisi, kumbe hukuona watu wanavyopanda mlima wakiwa wamekaa vitini." Basi tukaazimia kwenda Davos.

RELI YA MITA MOJA

Kutoka kituo kikuu cha Zürich tulipanda treni kubwa iliyopita kando ya ziwa la Zürich, na baadaye kando ya ziwa Walensee, lililobanwa na milima iliyosimama wima kama kuta. Tulipofika Landquart tukashuka na kuingia katika treni nyekundu ya shirika la Rhätische Bahn. Hapo, ndugu msomaji, nilijisikia nipo nyumbani. Upana wa reli zake ni mita moja kamili, sawasawa na ule wa Reli ya Kati ya zamani, iliyowafikisha babu zetu Tabora na Kigoma. Tofauti ni kwamba treni hiyo haikukata mbuga. Ilipanda bonde baada ya bonde, ikapita Klosters, ikazunguka katikati ya misonobari iliyoinamishwa na theluji, hata ikatutua Davos. Njia hiyo ilifikishwa huko mwaka 1890.

Davos upo kwenye kimo cha mita 1,560 hivi juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho ni chini kidogo kuliko kile cha Mbeya. Mkazi wa Mbeya akiambiwa hivyo ataona kama anataniwa, kwani Mbeya baridi yake huishia kwenye sweta, ilhali pale Davos niliona paa za nyumba zimebeba theluji iliyonifika kiunoni. Lakini Mbeya upo karibu na ikweta, na Davos upo mbali nayo, kaskazini.

Watu wa nje walianza kumiminika katika mji huo kwa ajili ya maradhi, kabla ya michezo kuwavuta. Katika miaka ya 1860 daktari mmoja Mjerumani, Alexander Spengler, aliutangaza kuwa hewa yake kavu ya baridi inawafaa wagonjwa wa kifua kikuu. Zikajengwa hospitali zenye baraza ndefu, wagonjwa wakalazwa humo juani wakiwa wamefungwa mablanketi. Mwandishi maarufu Thomas Mann aliyaweka maisha ya hospitali hizo katika riwaya yake kubwa iliyotoka mwaka 1924. Nasi kwetu tunayo hospitali ya Kibong'oto, miteremkoni mwa Kilimanjaro, iliyoanzishwa katika miaka hiyo hiyo ya 1920 kwa ajili ya maradhi hayo hayo. Dada, akiwa muuguzi na mtu wa Moshi, alinionyesha majengo hayo ya Davos kwa fahari, kana kwamba ni ya ukoo wake.

Siku hizi kifua kikuu hutibiwa kwa dawa, na majengo mengi kati ya hayo yamekuwa hoteli. Wanaojaa mjini ni watu wenye afya, waliovaa viatu vizito kama vya askari, na wenye vibao virefu mabegani. Hao ndio watelezaji wa theluji. Na karibu kila mmoja wao ana shanta mgongoni.

BINADAMU NA MKUNGU WA NDIZI

Hapo zamani mtu aliyetaka kuteleza mlimani ilimpasa kwanza aupande kwa miguu yake. Alihangaika saa tatu au nne kupanda, apate kufurahia dakika chache za kushuka. Taabu hiyo ilimwingia kichwani mhandisi mmoja wa Zürich aitwaye Ernst Constam. Mwezi Desemba, mwaka 1934, mtambo wake ulianza kazi Davos, mahali paitwapo Bolgen, chini ya mlima Jakobshorn. Ulikuwa ni kebo ya chuma inayozunguka bila kukoma, na kutoka kwenye kebo hiyo vilining'inia vyuma vya kuwaburuta watelezaji juu ya theluji, miguu yao ikiwa bado chini. Nilikwenda Bolgen kupaona. Watoto wa shule wanateleza pale wakicheka, na sidhani kwamba wengi wao wanamkumbuka bwana huyo.

Mtambo wa viti vya angani ulizaliwa kwingine, tena kwa njia ambayo itawapendeza wasomaji wetu wa Bukoba, Rungwe na Moshi. Mwaka 1936 shirika la reli la Union Pacific la Marekani lilikuwa likijenga mji wa mapumziko uitwao Sun Valley, katika jimbo la Idaho. Wahandisi wakatakiwa wabuni njia ya kuwafikisha wageni kileleni bila ya kuwachosha. Mmoja wao, James Curran, alikuwa amewahi kushughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini katika nchi za joto. Mikungu ilitundikwa kwenye kulabu, nazo kulabu zilikokotwa na kebo, mkungu mmoja nyuma ya mwingine, hadi melini. Curran akajiuliza: kwa nini pasiwekwe kiti mahali pa kulabu, na mtu mahali pa mkungu? Wenzake waliona ni hatari, lakini wazo likajaribiwa, likakubaliwa, na mwezi Desemba mwaka huo huo viti vya kwanza vikaanza kuwapandisha watu mlimani.

Nilipoisoma habari hii nilicheka. Baadaye, kwa sababu nitakazokusimulia, sikucheka tena. Mtambo ule tangu asili yake ulibuniwa kwa ajili ya mzigo usiobeba mzigo mwingine. Mkungu wa ndizi hauvai shanta. Hauna mikanda inayoning'inia, wala hauna shingo.

KITI KISICHOSUBIRI

Yafaa nikueleze mtambo wenyewe ufanyavyo kazi, maana asiyeujua hataelewa hatari yake. Chini ya mlima pana gurudumu kubwa la kapi, na juu kileleni pana jingine. Kebo nene huyazunguka yote mawili, ikishikiliwa njiani na minara ya chuma. Viti vimefungwa kwenye kebo, kila kimoja kikiwa umbali sawa na mwenzake. Vya zamani ni vya mtu mmoja au wawili, na vya siku hizi huchukua wanne, sita, hata wanane.

Katika mitambo ya zamani kiti hakibanduki kwenye kebo, nacho huenda mwendo wa mita mbili au mbili na nusu kwa sekunde, nawe sharti ukikalie kikiwa katika mwendo huo huo, isipokuwa mlinda mtambo akiupunguza. Katika mitambo mipya kiti huiachia kebo kinapoingia kituoni, kikapunguza mwendo hata kufikia mita moja hivi kwa sekunde, kisha kikaishika kebo tena na kwenda kasi ya hadi mita tano. Lakini katika aina zote mbili jambo moja halibadiliki: kiti hakisimami. Kinakujia kwa nyuma, kinakugusa nyuma ya magoti, unakaa, na papo hapo ardhi inakukimbia. Ukifika juu unanyanyuka na kuondoka, nacho kiti kinapita, kinalizunguka kapi na kuanza kurudi chini. Muda wa kuagana nacho ni sekunde mbili tatu tu. Dereva wa daladala atakungoja japo kwa matusi. Kiti hiki hakina dereva.

KOSA LANGU

Siku ya pili tulitoka Davos tukaenda kwenye kilima kimoja cha jirani, ambacho sitakitaja jina, maana kosa lilikuwa langu wala si la wenye mtambo. Pale palikuwa na viti vya zamani vya watu wawili, vyenye mbao za kukalia, na waendao kwa miguu waliruhusiwa kupanda pamoja na watelezaji. Mtoto alivaa vibao vyake na kofia ngumu, na mgongoni alibeba shanta yake ndogo ya shule, ambamo mama yake alitia chupa ya chai na maandazi ya sisi sote.

Tulipokaribia mwanzo wa foleni, dada aliniambia maneno haya, nami nayakumbuka barabara: "Kaka, utakaa na mpwa wako. Mvue shanta kabla hamjakaa, uipakate wewe." Nikajibu, "Sawa, dada." Yeye akabaki nyuma yetu, apande kiti kinachofuata.

Ndugu msomaji, nilisema sawa, lakini mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa nikihangaika na kamera, nikitaka kupata picha ya viti vikipanda juu ya misonobari ili nikuletee wewe. Foleni ikasogea. Mlinda mtambo akatupungia mkono. Kiti kikaja, kikatugonga miguuni, tukakaa. Shanta ilikuwa bado mgongoni mwa mtoto.

Nikajisemea kwamba ni shanta ndogo, itadhuru nini? Tulipokuwa angani niliona kwamba mtoto amekaa ukingoni mwa kiti, kwa sababu shanta ilijaza nafasi kati ya mgongo wake na egemeo. Nikamshika bega. Tulipita juu ya kijito kilichoganda, tukaona nyayo za sungura katika theluji, naye akanieleza majina ya vilele vyote kwa Kijerumani. Hakuwa na hofu hata chembe. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu minara.

Tulipofika juu tukainua chuma cha kujikinga. Mtoto, ambaye ni mzoefu kunishinda, aligusisha vibao vyake chini, akasimama na kuanza kuteleza mbele. Akaenda hatua moja, kisha akavutwa nyuma, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Ncha ya mkanda wa kiunoni wa shanta ile, mkanda ambao hakuna aliyeufunga, ilikuwa imepenya kati ya mbao mbili za kiti na kukwama kwa kishikizo chake cha plastiki. Kiti kikaendelea na safari yake kuelekea kwenye kapi. Miguu ya mtoto ikaacha ardhi.

Nilipiga kelele kwa Kiswahili, lugha ambayo mtambo ule haukupata kuisikia. Mzee mmoja aliyekuwa katika kibanda cha vioo alikwisha kubonyeza kitufe chekundu kabla sijamaliza kupiga kelele. Mtambo wote ukasimama. Mtoto akabaki ananing'inia, vibao vyake vikiwa shubiri moja tu juu ya theluji, mikanda ya mabegani imempanda hadi kwenye kidevu. Mzee akatoka, akamnyanyua kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akauchomoa mkanda. Mambo hayo yote hayakuzidi nusu dakika. Mtoto hakuumia. Aliniangalia akasema, "Mjomba, maandazi yamepondeka."

Na mama yake? Mtambo uliposimama, kiti chake nacho kilisimama, angani, kati ya mnara na mnara, mahali ambapo aliweza kuona kila kitu wala hakuweza kufanya lolote. Nusu dakika ile kwangu ilikuwa ndefu. Kwake sijui niseme ilikuwa nini. Alipofika juu hakunigombeza. Alimvua mwanawe shanta, akaifunga mikanda yake yote mmoja baada ya mwingine, akanikabidhi. Nami nikaivaa kifuani, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

HATARI IPO MWISHO WA SAFARI

Yule mzee alizungumza na dada kwa Kijerumani, naye akanifasiria. Alisema kwamba wageni wengi huogopa kuanguka katikati ya safari, mahali palipo juu sana, lakini yeye macho yake huyaweka mahali pa kupandia na mahali pa kushukia, kwa kuwa hapo ndipo mtu na kiti hukutana na kuachana. Mkanda ukinaswa wakati wa kushuka, mtu huenda upande mmoja na kiti kikaenda upande mwingine.

Wala jambo hili si la watoto peke yao. Tarehe 4 Januari, mwaka 2017, huko Arapahoe Basin katika jimbo la Colorado, Marekani, mwanamume mmoja mtu mzima alijaribu kushuka kileleni, shanta yake ikanaswa na kiti. Akaburutwa kurudi upande wa chini, mkanda ukamzunguka shingoni, akaning'inia angani hata akazimia. Kwa bahati, nyuma yake alikuwako Mickey Wilson, ambaye mchezo wake ni kutembea juu ya kamba zilizotandazwa hewani. Alipanda mnara, akajivuta juu ya kebo hadi kwenye kiti kile, na walinzi wa mlima wakamrushia kisu kutoka chini. Akakata mkanda, mtu akaanguka katika theluji, walinzi wakamhudumia, akapona. Ni habari ya kusisimua, nayo ilienea dunia nzima. Lakini nakuuliza, ndugu msomaji, ni mara ngapi mtu hujikuta ananing'inia angani, na anayefuata nyuma yake akawa ni bingwa wa kutembea juu ya kamba?

YALIYO WAJIBU KWA MPANDAJI

Kabla ya kuondoka Davos niliwauliza walimu wa watelezaji na walinda mitambo, nikaandika mashauri yao katika daftari. Wapo wasomaji wetu wenye watoto wanaosoma au kufanya kazi katika nchi za baridi, na wapo watakaotembelea huko. Haya ndiyo mashauri yenyewe.

Kwanza, shanta ivuliwe mapema, foleni ikiwa bado ndefu, wala si wakati kiti kimekwisha kufika. Ukikaa, ipakate mapajani au ivae kifuani. Usiiweke pembeni juu ya kiti, itaanguka juu ya watu walio chini.

Pili, kuivua peke yake hakutoshi. Mikanda yote, ya kiunoni, ya kifuani na ile midogo ya kukazia, ifungwe na ncha zake zichomekwe ndani. Shanta iliyovuliwa ikiachwa na mikanda iliyolegea yaweza kunaswa vile vile. Hali kadhalika skafu ndefu, kamba za koti, na nywele ndefu, vyote vitiwe ndani ya koti. Fimbo za kutelezea zishikwe kwa mkono mmoja, na vitanzi vyake vitolewe viganjani.

Tatu, mtoto asibebe shanta kabisa anapopanda kiti. Aibebe mtu mzima. Kiti kimepimwa kwa mwili wa mtu mzima, na mtoto mwenye shanta mgongoni husukumwa mbele hata akakalia ukingo. Akae mgongo wake ukigusa egemeo, na chuma cha kujikinga kishushwe mara tu baada ya kukaa. Mahali pa kukiinua, karibu na kituo cha juu, pana kibao chenye maelekezo. Kisiinuliwe kabla ya hapo.

Nne, kwa mitambo ya kuburuta, kama ule wa Bolgen, mambo ni tofauti kidogo. Hapo mtu hakai bali huvutwa akiwa amesimama, na shanta kubwa ya kifuani yaweza kumzuia asiuachie mtambo upesi. Shanta iwe ndogo, imebana mwilini, na mikanda yake isiachwe ikining'inia karibu na chuma kinachovuta.

Tano, wapo wanaokwenda nje ya njia zilizotengenezwa, mahali penye hatari ya maporomoko ya theluji. Davos ndiyo makao ya taasisi mashuhuri ya Uswisi inayochunguza theluji na maporomoko, nayo elimu yake huheshimiwa sana. Watu hao hubeba katika shanta koleo na ufito mrefu wa kumtafutia mtu aliyefukiwa, na chombo cha kutoa ishara huvaliwa mwilini, si katika shanta. Wengine hubeba shanta yenye puto, ambayo mtu akivuta kishikio hujaa hewa ghafula na kumsaidia abaki juu ya theluji inayoporomoka. Kishikio hicho kifungwe kabla ya kupanda kiti, puto lisije likafumuka angani kikiguswa kwa bahati mbaya. Kwa watu hao shanta ni uhai, lakini ni hiyo hiyo yapasa kuvuliwa kwa dakika kumi za kitini.

Sita, na hili ndilo la mwisho. Ukikosa kukaa vizuri, usiking'ang'anie kiti. Kiachie papo hapo, ungali karibu na ardhi, ujiondoe njiani. Na ukinaswa juu, piga kelele bila ya haya. Kitufe chekundu kimewekwa kwa ajili yako. Walinda mitambo hawachukii kusimamisha kiti kwa sababu ya mgeni. Wanachukia kuchelewa.

TUKIRUDI KWETU

Huenda ukaniambia kwamba Tanzania haina viti vya theluji, na kwamba Kilimanjaro hupandwa kwa miguu. Ni kweli. Lakini mkanda ulionaswa Uswisi ni ndugu wa mkanda ulionaswa katika mlango wa daladala linaloondoka kabla abiria hajashuka vizuri. Ni ndugu wa ncha ya kanga inayomezwa na gurudumu la bodaboda, mama akiwa amekaa upande nyuma ya dereva. Ndugu mfanyakazi wa kiwandani, wewe ulifundishwa siku ya kwanza kwamba hakuna kuingia kwenye mashine na shati linalopepea. Hukufundishwa hivyo kwa sababu mashine ni adui. Mashine hujua kuendelea tu. Haitambui kilichonaswa, kama ni mkungu, mkanda au mtoto.

Watu wa kwetu husema ajali haina kinga. Nami nilikaribia kujifariji kwa maneno hayo pale kilimani. Lakini nilipomtazama dada akifunga mikanda ile mmoja baada ya mwingine, kimya, niliona aibu kuyatamka. Ajali yangu ilikuwa na kinga. Kinga yenyewe nilikwisha kuambiwa kwa maneno machache ya Kiswahili safi, nami nikajibu sawa, nikaendelea kushughulika na kamera.

Picha niliyoipiga siku ile ilikuwa nzuri, viti vikipanda juu ya misonobari myeupe. Sikuileta gazetini. Niliporudi Dar es Salaam, asubuhi ya kwanza nilipanda daladala la kwenda kazini, na mlangoni alikuwapo mtoto wa shule mwenye shanta kubwa kuliko mgongo wake, mikanda inaning'inia. Nikamwomba aivue, nikaipakata hadi kituo chake. Alinishukuru, "Asante, mjomba." Nawe, ndugu msomaji, kesho Jumatatu utakapomwona wa kwako au wa jirani, mfanyie hivyo hivyo.